Nimekuta vidonge vya mdogo wangu ndani ya soksi

Shikamoo shangazi,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta, kwa hiyo nivumilie ikiwa ndefu.

Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 24. Miaka miwili iliyopita alianza kubadilika. Mwanzoni tulidhani ni mapenzi yamemvuruga. Usiku halali, anazunguka chumbani. Kisha akaanza kuandika nambari za magari yanayopita barabarani kwenye ukuta wa chumba chake, kwa penseli, safu kwa safu kama daftari la mahudhurio. Alisema ni magari yale yale yanarudi yakiwa yamepakwa rangi nyingine, na waliomo ndani wanamsema. Simu yake akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Siku mama alipomgusa bega akamsukuma, na hilo hajawahi kulifanya tangu azaliwe, ndipo tukampeleka hospitali. Alilazwa wiki sita. Daktari alituambia ni saikosisi, yaani akili kuachana na uhalisia, baadaye kwenye kadi akaandika skizofrenia.

Sasa ni miezi kumi na sita tangu aruhusiwe. Anatumia olanzapini, kidonge kimoja kila usiku. Sauti zimenyamaza. Anacheka tena, anatengeneza simu za watu, na aliyeupaka rangi ule ukuta ni yeye mwenyewe. Lakini amenenepa sana, suruali zake zote nimezigawa. Analala kama gogo hadi saa nne asubuhi, na akiamka ulimi ni mzito. Siku moja aliniambia, "Dada, mimi siumwi tena. Sasa naumwa dawa." Nilicheka. Nadhani sikupaswa kucheka.

Mwezi uliopita kliniki walimweleza kuhusu utafiti. Wanachukua watu waliokaa zaidi ya mwaka bila dalili, kompyuta inawagawa kwa kura: kundi moja linaendelea na dozi ile ile, kundi la pili linapunguziwa kidogo kidogo, na anayeweza anaacha kabisa. Wote wanafuatiliwa miaka miwili. Alirudi na karatasi tisa za maelezo na fomu ya ridhaa, uso umechangamka kuliko nilivyouona kwa muda mrefu.

Mama akasema mwanawe hafanywi panya wa maabara. Mjomba akaongeza kwamba hao wanatafuta vyeo kwa vichwa vya watoto wa wenzao. Wameniagiza mimi, kwa kuwa nimesoma, niandike barua kwa watafiti kwamba familia imekataa.

Sasa sikiliza shangazi. Jumamosi nilikuwa nakusanya nguo za kufua, nikavuta soksi kutoka kwenye kiatu chake cha zamani, nikaiona nzito. Vidonge 19. Vingine kingo zake zimelainika, kama vilivyokaa mdomoni. Nimevirudisha kama vilivyokuwa na sijamwambia mtu. Nikimwambia mama, nyumba itawaka moto. Nikimwambia daktari, mdogo wangu hataniamini tena maisha yake yote. Nikinyamaza na ugonjwa ukarudi, nitajiona nimemuua.

Nifanyeje? Na huo utafiti, aingie au asiingie?

Dada mtu

Nyongeza: mimi nina miaka 29. Tangu Jumamosi silali vizuri, na nimeanza kujiuliza kama na mimi nitaugua.

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na soksi, utafiti baadaye. Utaona kwa nini.

Vidonge 19 kwa mtu anayemeza kimoja kila usiku ni karibu wiki tatu. Usichokijua ni kama amekaa wiki tatu mfululizo bila dawa, au huwa anaruka siku moja moja tangu zamani. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na ni yeye tu anayeweza kukujibu. Kingo zilizolainika zinaniambia anakiweka chini ya ulimi, anakunywa maji, anasubiri mtu ageuke. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya akili kwa miaka 22. Nimevikuta vidonge kwenye pindo la pazia, ndani ya kifuniko cha dawa ya meno, na mara moja mahali pa betri ndani ya redio ambayo mwenyewe alikuwa akilalamika kila siku kwamba haishiki. Sikumbuki mgonjwa aliyeficha kwa ukorofi. Karibu wote walikuwa wameshasema kwamba dawa inawatesa, wakaambiwa wavumilie. Wa kwako naye alisema, kwa maneno mazuri kuliko ya madaktari wengi: naumwa dawa.

Kwa hiyo mabishano ya nyumbani kwenu yamechelewa. Mnabishana kama kijana aingie kwenye jaribio la kupunguza dawa, na yeye keshaanzisha la kwake peke yake, bila daktari na bila mtu wa kumwangalia. Hilo la kwake ndilo linalonitisha mimi.

Nikueleze kinachojulikana, maana mama na mjomba watakuuliza. Mwaka 2012 Stefan Leucht wa Ujerumani na wenzake walikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa karibu 6,500 wa skizofrenia waliokuwa wametulia. Ndani ya mwaka mmoja, kati ya watu 100 walioendelea na dawa, 27 walirudiwa na ugonjwa. Kati ya 100 walioachishwa dawa na kupewa vidonge visivyo na kitu, walikuwa 64. Dawa inakinga, na inakinga sana. Anayekuambia ni biashara tu ya makampuni mpe namba hizo.

Lakini zisome na upande wa pili. Wale 36 waliobaki walimaliza mwaka bila dawa na bila kurudiwa. Na wale 27 walikunywa dawa zao na bado wakaugua. Mdogo wako yumo kwenye fungu lipi? Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kulijibu swali hilo leo. Ndiyo maana watu wanafanya huo utafiti mliokataa.

Na waliokwisha kujaribu wamepata majibu yanayogombana. Uholanzi, Lex Wunderink na wenzake waliwagawa kwa kura vijana waliopona tukio lao la kwanza la saikosisi, wengine wapunguziwe dawa, wengine waendelee. Mwanzoni waliopunguziwa walirudiwa mara mbili zaidi. Watafiti walipowatafuta tena baada ya miaka saba, taarifa yao ikatoka 2013, picha ilikuwa imegeuka: kati ya waliopunguziwa, asilimia 40 walikuwa wamepona kwa maana ya kukosa dalili na kuishi maisha yao, ilhali kwa walioendelea na dozi ni asilimia 17 na kidogo. Wengi walishangilia. Halafu 2018 wakaja watafiti wa Hong Kong, nao walikuwa wakifuatilia watu wa tukio la kwanza, kwa miaka kumi. Kwao walioachishwa mapema ndio walioishia pabaya zaidi, asilimia 39 dhidi ya 21. Uingereza nao, 2023, walitoa matokeo ya jaribio lao la kupunguza polepole kwa watu waliougua muda mrefu: baada ya miaka miwili maisha ya waliopunguziwa, yaani kazi, marafiki na kujitegemea, hayakuwa bora kuliko ya wengine, na waliorudiwa vibaya walikuwa asilimia 25 dhidi ya 13.

Mtu akisoma hayo matatu kwa haraka atachagua lile linalompendeza. Mdogo wako atachagua la Uholanzi, mama yako atachagua la Hong Kong. Mimi nasema swali bado liko wazi kweli, na kwa sababu liko wazi ni halali kuwauliza watu kama watakubali kugawanywa kwa kura. Jibu lingekuwa linajulikana, kura hiyo ingekuwa dhambi.

Kuna jambo moja la mwilini ambalo nataka umweleze hata kama hataingia popote. Dawa hizi zinakaa kwenye vipokezi vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, kama watu wanaokaa kwenye viti. Kwa kawaida zinafanya kazi zikiwa zimekalia kama asilimia 65 hadi 80 ya viti. Ukikata dozi nusu, wanaoondoka kwenye viti si nusu, ni wachache. Ukikata tena, bado si wengi. Lakini huku mwishoni, kwenye miligramu chache za chini, kila unachokata kinaondoa watu wengi kwa mkupuo. Ndiyo maana anayepunguza huenda polepole, na anavyokaribia sifuri huzidi kwenda polepole. Kumeza leo, kuficha kesho, kumeza keshokutwa, huko si kupunguza. Huko ni kuwasimamisha na kuwakalisha watu kila siku, ubongo haujui ufanye nini.

Sasa ona hatari ambayo nadhani hukuiona. Akisaini ile fomu huku soksi ikiwa siri, watafiti wataandika kwamba anakunywa dozi kamili kila usiku na amekaa mwaka mzima salama. Kura ikimwangukia kundi la kupunguza, watakata kutoka kwenye dozi ambayo haimezi. Wao watadhani wamemshusha ngazi moja, kumbe walimkuta tayari amening'inia. Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: asisaini chochote kabla soksi haijafika kwa daktari. Huenda daktari akaona hafai tena kwa utafiti huo kwa sasa, na itamuuma. Bora imuume.

Lakini asiipeleke mama, wala wewe kwa kificho. Aipeleke yeye.

Utazungumza naye wakati ameamka vizuri, si asubuhi akiwa na ulimi mzito, na mama asiwepo nyumbani. Usiweke soksi mezani kama kithibiti cha polisi. Anza na lile neno lake: "Uliniambia unaumwa dawa nikacheka. Samahani. Niambie inakuumaje." Kisha nyamaza, hata akichukua dakika tano. Huenda akataja mambo ambayo hajamwambia yeyote. Vijana wengi wa kiume huacha dawa hizi kwa sababu ya mambo ya chumbani ambayo wanaona haya kuyataja kwa daktari, sembuse kwa dada. Asipoyataja usimchimbe, mwambie tu kwamba dawa hizi zinajulikana kuleta hata shida za namna hiyo na daktari hatashangaa. Baada ya hapo ndipo useme: "Nilikuta vidonge. Sijamwambia mtu. Nataka tumwambie daktari wote wawili, wewe ndiye useme." Mpe hadi siku mnayokubaliana, iwe ndani ya wiki hii, msingojee tarehe ya kliniki ikiwa iko mbali.

Asijaribu kufidia kwa kuvimeza vyote 19. Narudia kwa sababu nimeona mtu akilazimishwa na ndugu zake kufanya hivyo. Vidonge virudishwe kliniki vyote, na daktari ndiye aseme anaanzia wapi.

Na ahadi yako ya kutunza siri iwe na mpaka, umwambie mpaka huo mapema ili usije ukaonekana msaliti. Akikosa usingizi usiku mbili tatu mfululizo, akianza tena kuogopa magari au kuficha simu, akitaja kujidhuru au kumdhuru mtu, mtaenda hospitali siku hiyo hiyo, apende asipende. Hapo ule ukuta utawasaidia. Kaeni pamoja mkumbuke: usingizi ulianza kupotea wiki ngapi kabla ya nambari? Nambari zilianza siku ngapi kabla ya simu kuzamishwa? Kila mgonjwa ana mpangilio wake, na mara nyingi ugonjwa ukirudi hupita njia ile ile. Hakuna mtafiti anayeijua njia hiyo kwa mdogo wako kuliko ninyi wawili. Iandikeni, nakala moja iende kwa daktari.

Daktari naye mna la kumwomba hata utafiti usipokuwepo. Olanzapini inajulikana kwa kunenepesha, si uvivu wa kijana. Kuna kubadili kwenda dawa isiyonenepesha hivyo, kama aripiprazoli. Kuna metformini, dawa ya kisukari ambayo imeonekana kupunguza uzito unaoletwa na dawa hizi hata kwa asiye na kisukari. Kuna kusogeza saa ya kumeza ili usingizi uishe mapema. Apimwe sukari, presha na mafuta ya damu, maana watu wenye skizofrenia hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na kinachowaua zaidi ni maradhi ya kawaida ya moyo na mishipa, yale ambayo kliniki ya akili hudhani yatapimwa na kliniki nyingine. Nimeona mafaili manene yenye kila kitu alichosema mgonjwa kuhusu sauti, na hakuna hata mstari mmoja wa uzito wake. Inanikera mpaka leo.

Tuje kwa mama yako. Usimwambie anaogopa bure, kwa sababu haogopi bure. Marekani, mwaka 2004, kijana aliyekuwa na saikosisi alijiua akiwa ndani ya utafiti wa kulinganisha dawa katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Alikuwa ameandikishwa huku mahakama ikimtaka afuate maelekezo ya matibabu ama alazwe kwa lazima, kwa hiyo ridhaa yake ilikuwa ya mtu mwenye kisu shingoni. Mama yake aliwaambia wahusika tena na tena kwamba mwanawe anazidi kuharibika. Ilichukua hadi 2015, baada ya ripoti kali ya mkaguzi wa jimbo, ndipo chuo kikasimamisha uandikishaji wa wagonjwa wapya kwenye tafiti za dawa za akili. Miaka kumi na moja! Mama yako hajaisikia habari hiyo, lakini moyo wake unaijua.

Kwa hiyo badala ya barua ya kukataa, mpe mama kazi. Zile karatasi tisa zisomwe mezani, kijana akisoma kwa sauti na mama akiuliza. Barua usiandike. Mdogo wako ni mtu mzima, amepona kiasi cha kutengeneza simu za watu, na ridhaa ni yake. Familia haiwezi kumsainia wala kumkatalia ilimradi anaelewa anachosaini. Tangu Azimio la Helsinki la 1964 madaktari wamekubaliana kuhusu haki za mtu anayefanyiwa utafiti, na kupata skizofrenia hakumwondolei haki hizo. Wapo wanaosema mgonjwa wa akili hawezi kuelewa fomu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapima wagonjwa wa skizofrenia na watu wazima wasio nayo. Mwanzoni wagonjwa walielewa kidogo kuliko wenzao, lakini waliporudiwa kuelezwa polepole, tofauti ikatoweka. Wanachohitaji ni muda na mwalimu.

Jambo moja ambalo kila mtu hukosea, si wagonjwa tu, ni kudhani kwamba utafiti umebuniwa kwa ajili yake. Nina hakika mdogo wako amechangamka kwa sababu kichwani mwake "utafiti" maana yake "naacha dawa". Mwulize: kura ikikuweka kundi la kuendelea na dozi ile ile miaka miwili, utakubali? Akijibu "hapana, nitaacha mwenyewe", basi hajaielewa fomu, na asiingie. Akifikiri kidogo akasema "nitakubali, ila wanisaidie na uzito", huyo ameelewa kuliko mjomba.

Mjomba mwachie hili: dawa ya kwanza ya saikosisi, klopromazini, ilianza kutumika Paris 1952, na zilizofuata karibu zote zilipita mlango ule ule wa dopamini hadi Marekani ilipoidhinisha Septemba 2024 dawa inayopita mlango mwingine. Zilifika kwa sababu watoto wa wenzao walishiriki kwenye majaribio. Na watafiti wengine kweli wanatafuta vyeo. Yote mawili ni kweli, ndiyo maana watu huuliza maswali kabla ya kusaini.

Yapo manne ningeuliza mimi. Kamati gani ya maadili imeupitisha, na namba yake iko wapi kwenye karatasi? Akijitoa katikati, kliniki yake ya kawaida inaendelea kama zamani? Dozi inashushwa kwa kiasi gani na kila baada ya muda gani, na nani ana mamlaka ya kuirudisha juu siku hiyo hiyo bila kungojea kikao? Na la nne, ambalo kwangu linazidi yote: saa nane usiku mama akiona penseli imerudi ukutani, anampigia nani? Wakiwapa namba ya ofisi inayofungwa jioni, msisaini.

Nimalizie na nyumba yenyewe. Mwaka 1958 George Brown na wenzake, London, walitoa utafiti juu ya wanaume waliotoka hospitali baada ya kuugua muda mrefu. Kila mtu alitegemea kwamba anayerudi kwa wazazi au kwa mke atakaa vizuri kuliko anayepanga chumba. Ikawa kinyume: waliokwenda kwa wazazi au wake walirudi hospitali zaidi kuliko waliopanga au, sikiliza, waliokwenda kuishi na ndugu zao. Walipochunguza zaidi, wakaona tatizo ni namna ya kusemeshwa: lawama, hasira, na ule ulinzi wa kumfuata mtu mzima hadi mlangoni mwa choo. Katika utafiti wao wa 1972, miezi tisa baada ya kutoka, waliorudi kwenye nyumba za namna hiyo walirudiwa asilimia 58, na kwenye nyumba tulivu asilimia 16.

Usimpelekee mama namba hizo kama shutuma. Ilishatokea: mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann, daktari aliyekuwa akiheshimika sana, aliandika juu ya mama anayesababisha skizofrenia kwa malezi yake, na kwa miongo akina mama walibebeshwa mzigo usio wao. Nadharia hiyo imetupwa. Mama hakumsababishia mwanawe ugonjwa. Ila mama anayesimama na glasi ya maji kila usiku akisema "fungua mdomo nione" ndiye anayemfundisha mtoto kuficha chini ya ulimi. Mwombeni daktari awapangie kikao cha familia. Mama asikie mle ndani, si kutoka kwako, kwamba kusimamia vidonge kunaweza kuwa kazi ya kijana na kisanduku chenye vyumba saba vya siku za wiki, yeye akikiangalia Jumapili tu. Ikishindikana kabisa, ipo sindano ya kila mwezi, ambayo wengine huichukia na wengine huiona kama uhuru, kwa kuwa hakuna tena anayewauliza kila usiku kama wamemeza.

Kuhusu nyongeza yako. Kwa watu wote, skizofrenia humpata takriban mtu 1 kati ya 100 katika maisha yake. Kwa ndugu wa mgonjwa, waliozaliwa pamoja naye, ni karibu 9 kati ya 100, yaani wengine 91 hawaipati. Wewe una miaka 29 na sehemu kubwa ya umri ambao huanzia umeshaupita, ingawa kwa wanawake huchelewa kidogo kuliko kwa wanaume. Kukosa usingizi tangu Jumamosi kwa mtu aliyekuta vidonge 19 kwenye soksi na akavirudisha kimya kimya hakuhitaji jina la ugonjwa. Zungumza na mdogo wako kwanza, kisha ulale siku mbili tatu. Usingizi usiporudi hata baada ya hapo, nenda nawe ukaonane na daktari, na siku hiyo usimsindikize mtu, nenda kwa ajili yako.